Kitambaa cha Jeneza la Mwalimu Royer

"Chekundu hakigusi jeneza la baba yangu!" alisema Hilarion, kitambaa cha bluu cha chama chake kikining'inia mkononi.

"Baba yako peke yako?" akajibu dada yake mkubwa, Alphonsa, mwenye chekundu begani. "Wewe ndiye uliyemzaa? Keti chini, mdogo wangu, umetuchosha."

Tangu Jumapili ilikuwa hivyo. Nyumba nzima ilikuwa hoi. Hata marehemu pale sebuleni, wino wa kura ya Ijumaa bado uko kidoleni, alionekana kama mtu anayesubiri wamalize. Alikuwa amepiga kura, sawa. Alimpa nani? Hakuna aliyejua, na kila mmoja alitaka awe wake.

Mwalimu Philbert Ignatius Royer alizaliwa tarehe 31 Julai 1935, hapa Morne Sibouli, kisiwani Dominika, mtoto wa tisa. Mama yake alikuwa akikata ndizi. Akaenda kumzaa, akarudi kumalizia mkungu.

Alisoma shule ya misheni ya hapa. Mwaka 1954 alivuka mlima kwa miguu hadi Roseau kufanya mtihani wa ualimu, viatu begani visichakae. Alipofika havikumwingia tena: miguu ilikuwa imekua njiani. Akafanya mtihani pekupeku, akafaulu.

Alifundisha miaka arobaini na moja, lakini kilichomzeesha ni kasha la kura. Chaguzi kumi, kuanzia 1961 hadi 2005, alisimamia kituo cha shuleni. Kila alfajiri alilipindua kasha mbele ya mawakala wa vyama, waone kuwa ni tupu. Mwaka 1966 akaanguka kuku, na yai lake nyuma. Mawakala wakashikana mashati, kila mmoja akidai kuku ni wa mwenzake. Mwalimu akaandika kitabuni: "Yai moja. Limeharibika." Walioshindwa walimwita mwizi, walioshinda walimwita mnafiki, na kijiji kilimnyima salamu kwa zamu. Tarehe 3 Novemba 1978, siku ya uhuru, alipandisha bendera shuleni. Agosti iliyofuata kimbunga kikaondoka na paa. "Bendera tunayo," alisema. "Sasa tutafute mabati."

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1964, alimwoa Eudoxie Laurent. Walipendana sana, ukiacha Julai 1980. Ndani ya kituo Mwalimu hakuruhusu rangi ya chama chochote, na mkewe alikuja na kilemba chekundu.

"Vua, mama."

"Philbert! Mimi ni mkeo."

"Hapa mimi si mume wa mtu. Vua, au rudi nyumbani."

Akavua. Akapiga kura kichwa wazi mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo mwanamke wa heshima siku zile hakulifanya hata akioga. Siku kumi na moja alimpikia majimbi bila chumvi, bila neno.

Moyo wa Mwalimu ulianza kudhoofika baada ya kimbunga cha 2017. Ijumaa, tarehe 6 Desemba 2019, alibebwa kwenye kiti hadi kituoni. Jumapili asubuhi mkewe alimuuliza kwa mara ya mwisho alimchagua nani. "Doxie, nimechoka," akasema. "Waache wahesabu." Saa tatu akafumba macho.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na vile vitambaa viwili.

"Basi tugawane nusu kwa nusu," alisema Hilarion asubuhi hii, jeneza likisubiri kutoka.

"Na kichwa kikae upande wa nani? Usinichezee, Hilarion, baba alikuwa wa..."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Ma Eudoxie akaingia taratibu, kilemba kimekunjwa mkononi, nywele nyeupe zote nje. Kichwa wazi.

Alphonsa akakishusha chekundu begani. Hilarion akakitia kitambaa chake mfukoni.

Ndiyo maana jeneza mnaliona hivyo, mbao tupu. Alale salama Mwalimu, kituo kimefungwa.