Bwana Shamba Ndalahwa na Kuni za Pamba

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kukanyaga matope ya mbuga na vumbi la kiangazi, Bwana Shamba Ndalahwa Mihayo anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Baiskeli yake nayo inapumzika, ingawa ilistahili hivyo zamani.

Alianzia kazi Malampaka, akahamia kwetu Bariadi, akabaki. Somo lake lilikuwa moja: nani anakula nini. Mmea peke yake, alisema, ndio unaojipikia kwa jua, maji na hewa. Sisi wengine tunakula kwa mgongo wake. Funza anatafuna kitumba cha pamba, ndege anamdonoa funza, mwewe anamnyakua ndege, na wakishakufa mchwa na vijidudu vya udongoni wanamalizia. Kila mlaji hutumia sehemu kubwa ya nguvu aliyoipata kwa kuishi tu, ndiyo maana funza ni wengi na mwewe ni wachache.

Basi ukitaka funza wapungue, wanyime chakula: vuna, ng'oa miti ya pamba, choma. Zamani za ushirika, asiyechoma aliitwa na serikali ya kijiji. Lilipokuja soko huria, malori ya wanunuzi yalifika kutoka kila upande, yakabeba pamba, yakaondoka, na hakuna aliyeuliza habari ya masalia. Ndalahwa akabaki kubembeleza nyumba kwa nyumba, akijibiwa kwa upole kwamba ng'ombe hawajamaliza kuyala.

Aliyemsikiliza ni jirani yake, Mama Generoza, mjane mwenye ekari moja. Funza walipommalizia pamba mwaka 1994, alichoma kila kitu, akasema ikimwangusha tena anaacha kilimo hicho kabisa. Machi 1995 vitumba vyake vikatobolewa tena. Alikuja ofisini na kitumba mkononi, akatoa mwangaluka, salamu ya asubuhi, kwa adabu zote, kisha akauliza hao funza walikuwa wanakula kwa nani kiangazi kizima.

Ndalahwa alifuatana naye hadi shambani. Alikagua shamba lile mstari kwa mstari, akaona madhara yanazidi upande wa kwake. Akafuata hadi nyuma ya jiko lake mwenyewe. Pale palikuwa na rundo la kuni za mkewe, Milembe: miti ya pamba, vitumba vikavu vikining'inia, na ndani yake matundu walimotokea funza waliokuwa wamejificha humo kungoja mvua.

Wengine tungenyamaza. Yeye aliitisha mkutano, akaeleza kosa lake, akalichoma rundo mbele ya watu. Milembe aliuliza hadharani ugali wa jioni ataupikia nini. Tangu siku hiyo mumewe alibeba kuni kwa baiskeli, mpaka milusina, miti ya kuni aliyoipanda, ikakua.

Kiangazi kile kijiji kizima kilichoma. Mwaka 1996 pamba ya Mama Generoza ilipasuka nyeupe, safi, ekari nzima. Tulishusha pumzi sote, na Ndalahwa, atusamehe kwa kumsema, alilia.

Juzi Mama Generoza alileta ofisini zawadi ya kumuaga, mzigo wa kuni. Ndalahwa aliufungua, akakagua kijiti kimoja kimoja, na alipoona wote ni mlusina ndipo akashukuru.

Nasi tunakushukuru, Bwana Shamba. Wewe na Milembe mkae salama, mle mshibe, na jiko lenu lisikose moto.