Bi Mawimbi na Treni ya Sebuleni

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Bi Mawimbi anastaafu. Ameitumikia Mamlaka yetu ya masafa ya redio kwa miaka thelathini na mmoja, tangu alipoingia akiwa fundi wa maabara hadi leo anapotoka akiwa mkaguzi mkuu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Bi Mawimbi, na sijawahi kumwona akikunja uso kwa jina hilo.

Kamati ya maandalizi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, ingawa kazi yangu ni usukani. Wamesema wahandisi wangejaza hesabu tupu, na wanasheria wangeandika kitu ambacho hata mstaafu mwenyewe asingekimaliza. Mimi nimemwendesha Bi Mawimbi mjini na nje ya mji, yeye kiti cha mbele, antena mapajani, chupa ya chai miguuni. Tabia ya mtu huijua aliyesafiri naye, hasa gari likikwama.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi yake si ngumu kuieleza. Simu, redio, rimoti za milango na mitambo ya viwanja vya ndege vyote vinaongea kupitia hewa ileile, na kila kimoja kimepewa njia yake. Kimoja kikiingia njia ya mwenzake, watu hawasikilizani. Hapo ndipo sisi tulipokuwa tukitumwa, tumtafute aliyepotea njia.

Wengi wa waliopotea njia hawakujua kabisa. Kuna kinyozi mmoja ambaye taa yake mpya ilikuwa ikinguruma katika redio za mtaa mzima, na watu wakawa wanakilaumu kituo cha redio. Bi Mawimbi alisimama mlangoni, akamwomba aizime, aiwashe, aizime tena, mpaka yule bwana akashika kiuno. Alipoelewa alifurahi, akaiondoa taa palepale, na kwa shukrani akaninyoa mimi bure. Kwa jinsi alivyoninyoa, bure ndiyo ilikuwa bei yake halali.

Lakini nikiulizwa siku ipi ilinionyesha Bi Mawimbi ni mtu wa namna gani, sitasema siku ya kinyozi. Nitasema habari ya treni.

Yalikuja malalamiko kutoka mtaa mmoja wa pembezoni, wenye zahanati ndogo na mnara wa simu nyuma yake. Kila alasiri simu za hapo zilikuwa zikikatika. Kampuni ya simu ilileta mafundi, wakabadilisha hiki na kile mnarani, wakaondoka. Kesho yake mambo yaleyale. Kisha likatokea la kutisha. Mama mmoja alikuwa akijifungua, damu ikawa haikatiki, na mkunga akawa anaita gari la wagonjwa. Simu inaita, inapokelewa, inakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Mwishowe majirani walimbeba yule mama katika pikapu iliyokuwa ikishusha vitunguu, wakamfikisha hospitali kuu akiwa hajitambui. Alipona, na mtoto akapona, lakini mtaa ulikuwa unachemka.

Tulipofika, watu walitukusanyikia. Bi Mawimbi alishuka na antena yake, ile yenye miiba kama mfupa wa samaki, akaanza kuizungusha taratibu. Bwana mmoja muuza matunda akamuuliza, "Mama, huko juu unavua nini?"

"Navua kelele," akajibu. "Ukiona imenasa, nisaidie kuvuta."

Watu wakacheka, na joto likapungua kidogo. Ndivyo alivyo. Hajawahi kuingia mahali akiwa serikali. Huingia akiwa jirani, kisha ndipo serikali ifuate nyuma.

Siku ya kwanza kelele ilikuja ikapotea kabla hatujavuka barabara. Siku ya pili, tulipomaliza kula, ikaja tena. Tukaifuata, kona hii, uchochoro ule, mpaka kwenye nyumba ya geti la kijani inayopakana na ukuta wa zahanati, hatua chache tu kutoka mnarani. Bi Mawimbi akabisha hodi. Sauti ya mzee ikatoka ndani, "Karibuni, mlango hauna ufunguo. Nisameheni sinyanyuki, treni iko njiani."

Tukadhani mzee amechanganyikiwa. Tukaingia. Sebule nzima ilikuwa reli. Zilipita chini ya makochi, zikazunguka miguu ya kabati, zikaingia chumbani na kutoka kwa mlango uleule. Kichwa cha treni kisichozidi kiganja kilikuwa kikivuta mabehewa sita, na mzee mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mikono, mkono mmoja umelegea kwa kiharusi, mwingine umeshika rimoti.

Alikuwa dereva wa treni, treni za kweli, maisha yake yote. Mkewe alipofariki aliacha kula. Akapata kiharusi. Mwanawe wa kiume anayeishi ng'ambo, akiwa hana la kufanya kwa umbali ule, alimletea ile treni, na kwa kuwa baba hawezi kuinama kufikia swichi za sakafuni, akamchagulia ya rimoti isiyo na waya. Tangu siku hiyo, jirani yake alituambia, mzee akarudi kula, na kila alasiri baada ya usingizi wake treni ilikuwa inaondoka kwa wakati.

Rimoti ile haikuwa mbovu. Katika nchi aliko mwanawe, njia inayotumia rimoti ile ni ya wote; mtu anainunua dukani kama anavyonunua sabuni, hakuna anayemuuliza. Hapa kwetu njia hiyohiyo tuliwapa watu wa simu. Simu za mtaa zilikuwa zinausikia mnara vizuri, ndiyo maana alama za mtandao zilionekana zimejaa. Mnara ndio uliokuwa hausikii simu, kwa kuwa rimoti ilikuwa inaupigia kelele sikioni.

Bi Mawimbi alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza yote bila kuficha, pamoja na habari ya yule mama. Mzee hakubisha. Aliitazama treni ikizunguka, kisha akasema, "Mwanangu, ngoja niifikishe stesheni." Akaipunguza mwendo, ikasimama mbele ya kijiboksi alichokipaka rangi kuwa stesheni. Ndipo akampa rimoti mkononi. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakagua matairi.

Sheria iko wazi: kifaa kinachukuliwa, na mwenye nacho anaweza kushitakiwa. Ofisini mkuu wa idara wa wakati ule alitaka kesi ifunguliwe, iwe fundisho, maana habari za zahanati zilikuwa zimeshafika magazetini na wakubwa walikuwa wanauliza. Simlaumu, alikuwa na moto chini ya kiti. Waliokuwa kikaoni wanasema Bi Mawimbi alisimama, akaeleza kwamba rimoti ile ilipita uwanja wa ndege mbele ya macho ya kila mtu, na hapakuwa na hata bango moja la kumwambia msafiri kwamba kinachoruhusiwa kule huenda hakiruhusiwi hapa. Akasema, "Kanuni tumeziandika wenyewe na tunazisoma wenyewe. Tukimshitaki yule mzee, nani atatushitaki sisi?" Akaambiwa kwamba mwingine akivuruga simu za hospitali, lawama itakuwa yake yeye. Akakubali, na akatia sahihi kwamba itakuwa yake.

Mzee akapewa onyo tu. Lakini hakutosheka nalo. Alituomba tumpeleke kwa yule mama. Tulimkuta nyumbani kwake, mtoto kifuani, mumewe amesimama mlangoni amekunja mikono. Mzee, akiwa ameegemea mkongojo, alisema maneno ambayo sijayasahau. "Nimeendesha treni ujana wangu wote, sikumgonga hata mtu mmoja. Nimekuja kumgonga mtu nikiwa nimekaa kwenye kochi." Yule mume alikuwa amejiandaa kufoka, nilimwona. Badala yake aliingia ndani akaleta kiti. Mama wa mtoto akamwambia, "Baba, kaa kwanza. Hukujua." Mzee alikaa, akalia.

Kwa ofisi, kazi ilikuwa imekwisha. Kwa Bi Mawimbi haikuwa. Miezi kadhaa baadaye tulipita mtaa ule kwa shughuli nyingine, akasema tumsalimie mzee. Tulikuta sakafu tupu. Reli zote zilikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango, na mzee amekonda. Binti yake, anayeishi nchi nyingine tofauti na ya kaka yake, alikuwa ametaka kumletea rimoti ya huko. Bi Mawimbi akaomba namba, akampigia palepale, kumbe njia ya nchi ile nayo hapa kwetu ni ya watu wa zimamoto! Ndugu wawili, nchi mbili, njia mbili, wote wanampenda baba yao, na hakuna aliyepatia.

Njiani kurudi hakufungua hata chupa ya chai. Nilimwuliza kama ameudhika. Akasema, "Nimefanya kazi yangu sawasawa, na nyumba ya mtu imezimika. Hilo haliwezi kuwa ndio mwisho wake."

Kuna njia moja ambayo karibu nchi zote zimeiachia vifaa vidogo vya nyumbani, ile ya intaneti isiyo na waya, mradi nguvu isizidi kipimo. Rimoti za treni za njia hiyo zipo, ila hapa hakuna aliyekuwa ameleta hata moja kupimwa, na kisichopimwa hakiruhusiwi. Bi Mawimbi aliwaelekeza wale ndugu wawili waagize ipi, ikaletwa kwa idhini, akaipima maabara kwa utaratibu uleule wa mitambo mikubwa, hakuna hatua aliyoruka. Wenzetu walikuwa wanachungulia dirishani wakimtania kwamba amerudi utotoni. Yeye akasema utoto wake haukuwa na treni, basi anadai.

Ikapita. Tukaipeleka. Mzee akaikataa. Alirudisha mkono nyuma kana kwamba tumempa nyoka. "Karatasi zenu naziheshimu," alisema, "lakini karatasi haijawahi kukaribia kuua mtu."

Bi Mawimbi hakubishana naye. Alitoka, akazunguka ukuta hadi zahanati, akaongea na mkunga. Mkunga alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote. Alisikiliza, akafuta mikono, akachukua simu. Mimi na majirani wawili tulitandaza reli upya huku mzee akitusahihisha kila kona. Kisha mkunga akapiga simu akiwa palepale zahanati alipokuwa amesimama siku ile mbaya, Bi Mawimbi akaipokea sebuleni na kuiweka kwa sauti ya juu.

"Baba, unanisikia?" mkunga akauliza.

"Nakusikia."

"Basi endesha."

Mzee aliichukua rimoti, akabonyeza. Treni ikaondoka. Mkunga akaendelea kuongea, akamsimulia wagonjwa wa asubuhi, bei ya sabuni, paka aliyezalia kabatini mwa dawa. Treni ikapita chini ya kochi, ikaingia chumbani, ikatoka. Simu haikukwaruza hata mara moja. Alipomaliza habari zote mkunga akasema, "Nakusikia vizuri kabisa, baba. Ongeza mwendo." Na mzee, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akacheka kwa sauti.

Ule mwongozo mnaouona leo viwanja vya ndege na bandarini, wenye lugha nyepesi na picha, unaomwambia mtu aulize kabla hajaleta ndege ya kuchezea, gari, treni au kengele ya mlango kutoka nchi nyingine, ulitokana na sebule ile. Bi Mawimbi aliudai kwa miaka miwili, kikao baada ya kikao, mpaka mkuu wa idara akasema heri auidhinishe apumzike. Baadaye mkuu huyohuyo alikuwa anausifu kuliko wote. Vijana wa maabara wanajua pia kwamba dawati la kuwajibu wananchi kabla ya kununua ni lake, na kwamba yeye ndiye aliyesisitiza simu ya hapo ipokelewe na mtu, isiwe sauti ya mashine.

Hana sifa tu, ana na kasoro zake. Chai yake ni ya moto kupita kiasi na huilazimisha kwa watu. Ramani haisomi, ingawa amegundua vyanzo vya kelele ambavyo satelaiti zilishindwa kuvipata. Nikimwambia kulia huonyesha kushoto. Akikasirika hunyamaza, na ukimya wake ni mbaya kuliko kelele zote alizowahi kupima.

Mwezi uliopita wakubwa walimwomba aongeze miaka miwili ya mkataba. Wengi tulijua angekubali, maana hatujui ofisi hii bila yeye. Alikataa kwa upole. Mama yake mzazi ni mzee sana sasa, na kumbukumbu zinamtoka. Amekuwa akitunzwa na ndugu wakati Bi Mawimbi yuko barabarani nami. Aliwaambia wakubwa, "Ofisi itapata mkaguzi mwingine. Mama yangu hana binti mwingine."

Nimeshampeleka kwa mama yake mara kadhaa siku za mapumziko. Bibi anapenda kukaa penye jua, na siku nyingine humwita Bi Mawimbi kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Yeye huitika, "Abee, mama," akamsogezea khanga mabegani na kukaa naye.

Bi Mawimbi, kwa niaba ya maabara, wanasheria, walinzi, wahudumu wa usafi na sisi madereva, tunakushukuru. Ulitufundisha kubisha hodi. Nenda ukakae na mama. Mungu akupe afya, akupe usingizi usiokatishwa na simu ya kazini, na akuzidishie siku za kuitika ukiitwa.