Kitabu cha Tatu

Tramu ya Aleksandria ilijikokota, na Dalal akajifanya anatazama dirishani ili asikie vizuri. Mzee wa kiti cha mbele alikuwa akimsimulia mama asiyemjua vitabu alivyosoma mwezi huu.

"Cha kwanza porojo tupu. Cha pili kiliniliza, mtu mzima mimi. Hiki cha tatu ndicho kitamu. Ni cha zamani, kurasa zimeshikana, mpaka uzikate kwa kisu ndipo usome. Mwenyewe wa kwanza alikata nusu, akafa, kikaishia dukani nilikokinunua."

"Ukaendelea kukata wewe?"

"Sikati. Kila asubuhi nakuta zimekatwa chache, za kunitosha siku."

"Unakata usingizini, baba."

"Kwa mikono ipi?" Mkono wake wa kulia, kiharusi kilishauchukua; ulilala mapajani kama wa mtu mwingine.

"Basi kirudishe dukani leo hii."

"Nisijue mwisho wake? Jana macho yaliuma, sikusoma. Usiku hakukata."

"Afadhali. Kachoka."

"Hajachoka, mama. Ananingoja."

Tramu iliposimama, mama yule, aliyesema anakwenda mwisho wa njia, akashuka. Mzee akamgeukia Dalal, akamnyoshea kitabu kwa mkono wa kushoto.

"Binti, macho yako mazima. Hebu nisomee zilizobaki za jana, tusimcheleweshe mwenzetu."