Asaad bin Hamood na Kahawa Iliyopoa Nizwa

Jamaa zangu, nimechoka. Lakini nisiposoma tanzia hii mimi Turkiya, dada mdogo wa hawa ndugu wawili, nani atasoma?

Marehemu kaka Asaad alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Juni 1944, akimfuata kaka Yaarub. Alisoma huko huko. Mwaka 1965 serikali mpya ya Mapinduzi ikampeleka Leipzig, Ujerumani ya Mashariki, kusomea historia. Kaka Yaarub, siku hizo ndiyo kwanza katoka jela, alimwambia: "Mimi wanifunge, we ukasomeshwe nao?" Hawakusemezana tena miaka na miaka.

Huko alisomea vyama vya mwanzo vya wafanyakazi wa Kijerumani, kimoja cha mwaka 1863, chengine cha 1869. Wakitukanana, wakivunjiana mikutano, na serikali ikiwabana wote sawasawa. Mwaka 1875 wakakaa kitako mji wa Gotha, wakawa chama kimoja. Walipigwa marufuku baadaye, wala hawakufa. Basi kaka akaishika Gotha mpaka ikawa adha! Watu wakivutana kwa mahari, yeye Gotha. Majirani wakigombea maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, Gotha. Watoto wakamwita Ami Gotha.

Alikuja Oman 1974, akasomesha skuli hapa Ibra mpaka alipostaafu 2004. Alimuoa Bi Azza mwaka 1976. Kaka Yaarub, aliyekaa Nizwa, hakuja harusini. Na mimi katikati, nabeba salamu zisizojibiwa. Wallahi nimechoka.

Figo zilimuanza 2022. Mwezi uliopita, hata kusimama taabu, alitaka nimpeleke Nizwa. Kaka Yaarub alimtilia kahawa. Mnaijua ada ya hapa: mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe.

"Sinywi mpaka tupatane," alisema marehemu.

"Basi itapoa."

Ikapoa. Tulipofika Bidbid, njiani kurudi, nikalia, nikamwambia kaka, yatosha sasa. Akanijibu: "Siku Yaarub akija kwangu, msimuweke akangoja. Lake nimeshalikubali."

Alifariki hapa Ibra alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025. Kaka Yaarub alikuja, akashuka kaburini kumpokea kwa mikono yake. Toka juzi tunakaa naye matangani, na kila finjani anayotiliwa haigusi.

Marehemu ameacha mjane, Bi Azza, watoto, Khulood na Sinan, mimi, na kaka yake, Yaarub.

Mola ampumzishe, naye alichoka.

Kaka Yaarub, haja yako ilishakubaliwa. Kunywa, ingali moto.