Ngumi ya Mwalimu Fukushi

Tarehe 31 Machi Mwalimu Fukushi Sadaharu atakunja sare yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minane ya kuwafundisha kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, askari wa kituo chetu cha polisi cha Hirosaki. Hakuna askari hapa ambaye hajachapwa kichwani na upanga wake wa mianzi, mkuu wa kituo akiwemo.

Alipoajiriwa alikuwa kijana mwepesi, na alijijua kuwa ni mwepesi. Balaa lilianzia hapo. Katika fainali ya mkoa pigo lake lilitua safi, bendera za waamuzi zikapanda, kombe likawa letu. Fukushi akarusha ngumi juu kwa furaha. Wanakendo mnajua kilichofuata: anayeshangilia pigo lake hufutiwa pointi. Ikafutwa, na kombe likaenda kwa majirani. Mwalimu wake, marehemu Akaishi, hata hakumfokea. "Ulimwona mwenzako vizuri sana, bwana mdogo," alimwambia. "Halafu ukaanza kujiona mwenyewe."

Maneno hayo yalimkaa. Tangu siku ile uso wake haukumwambia mtu kitu, hata kama supu ya kantini imemkolea au imemchefua.

Somo lake lilikuwa hilohilo miaka yote: "Ukiukodolea macho upanga, umekwisha. Ukiyatazama macho ya mpinzani tu, atakudanganya. Mtazame kuanzia utosi hadi unyayo kwa pamoja, kama unavyoutazama mlima Iwaki." Askari mpya mmoja, Yamauchi, akageuka dirishani kuutafuta mlima wenyewe. Akala pigo la utosi.

"Umeuona?" Mwalimu akamwuliza.

"Nimeona nyota, Mwalimu."

Kitu kimoja alikitaka mno kabla ya kustaafu: daraja la nane, la juu kabisa katika kendo, mtihani unaoangusha karibu kila anayeujaribu. Kila Novemba alikwenda Tokyo, na kila aliporudi alituwekea mezani boksi la keki za maharage. Tulikula tukijua ameanguka tena. Ilituuma, jamani. Mtu anafundisha wengine kuona, halafu yeye mwenyewe anarudishwa mlangoni! Mkewe, Bi Toyoko, ambaye hamung'unyi maneno, ndiye aliyemwambia: "Wewe unapigana na mtu huku unawachungulia majaji. Nakujua mimi."

Novemba iliyopita alirudi na boksi lake, akamimina chai, akaenda zake ukumbini. Uso uleule. Miezi minne tu ilikuwa imebaki, nafasi nyingine hakuna. Tukala keki kwa huzuni. Mimi kwa huzuni yangu nilikula tatu. Mchana Bi Toyoko akapiga simu kuuliza sherehe ni lini.

Sherehe gani?

"Ala! Hajawaambia? Amepita!"

Tulitoka mbio. Tulimkuta amepiga magoti anafuta sakafu kwa tambara pamoja na askari wapya, kama kila siku. Kituo kizima tukarusha ngumi juu tukipiga kelele. Mwalimu akainua kichwa.

"Shusheni mikono. Mtanifutia pointi."

Baadaye nilimbana anieleze ilikuwaje. Alisema hakumbuki kupiga. Alimwona mtu aliyesimama mbele yake, basi. Majaji hawakuwepo, daraja halikuwepo, hata Fukushi hakuwepo. Alipotanabahi, upanga ulikuwa umeshatua, naye akashangaa kama mtazamaji. Akaongeza kwamba njaa ilikuwa inamuuma sana.

Asante, Mwalimu, kwa uvumilivu wako na kwa vichwa vyetu ulivyovigonga hadi vikaelewa. Tunawatakia wewe na Bi Toyoko afya, usingizi mnono na mavuno mema katika shamba lenu la matufaha.

Tuna ombi moja tu. Siku hiyo ya 31, ukishatoka getini, simama kidogo barabarani. Pale hakuna mwamuzi. Rusha ngumi yako juu, uishushe utakapopenda mwenyewe. Sisi tutakuwa dirishani, tunautazama Iwaki.