Meneja Haji Akiitwa

Kijiwe chetu hakina benchi. Kina kochi la watu watatu ambalo mwenyewe alilileta kwa Fundi lishonwe upya, akahama mji bila kuaga, na sasa limetupwa nje ya karakana, chini ya bati, springi zake zikimchoma kila anayekaa kwa kujidai. Hapo ndipo ofisini kwangu. Kazi yangu ni kutafuta kazi, na nina digrii ya kunithibitishia kwamba sina. Hata jina nililopewa hapa ni Digrii, na wanalitamka kama watu wanavyotaja ugonjwa wa jirani. Kulia kwangu hukaa Afande, ambaye hajawahi kuwa askari wa popote. Alilinda ghala la saruji mpaka akastaafu, na saruji ikamganda kwenye sauti. Kushoto hukaa Kinyozi, ambaye yuko radhi kumwacha mteja na nusu kichwa ili asipitwe na ubishi. Mama Birika anatuuzia kahawa, masimango anatupa bure. Asubuhi hiyo Fundi mwenyewe hakukaa. Alisimama ukingoni mwa barabara, mnyororo mkononi, akimwita mbwa wake.

Mbwa anaitwa Meneja. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa akishinda juu ya makochi ya watu bila kufanya lolote na bado anatazama wengine kwa jicho la ukaguzi. Mimi nimewaandikia mameneja barua mpaka nimechoka kulamba bahasha. Huyu ndiye pekee aliyewahi kunitazama usoni.

Usiku Meneja alikuwa ametafuna kamba yake. Sasa amelala ng'ambo ya barabara, chini ya lori bovu, na gari la baraza la mji limeshapita na kipaza sauti: ikifika saa sita mchana, mbwa atakayekutwa nje bila mnyororo atapigwa risasi. Hawatanii. Wiki iliyopita walipita mtaa wa nyuma, na mtaa wa nyuma siku hizi uko kimya.

— Meneja, njoo, Fundi aliita. Njoo hapa.

Mbwa aliinua sikio moja. Akalishusha.

— Si umeona? Kinyozi akasema. Masikio yanafanya kazi. Huyo ana dharau.

— Dharau kaitoa wapi?

— Kwako. Unamlaza kwenye sponji nene ambayo mimi mwenyewe nyumbani sina. Mbwa akishalala hapo anajua anayefugwa ni wewe.

— Simlazi. Analala mwenyewe.

— Tatizo ni lugha, Afande akasema, akanywa kahawa kwanza ili tumsubiri. Njoo ni neno la kumwitia mtoto uji. Mbwa wa kazi anaambiwa kamu. Pale ghalani nilikuwa nikisema siti, mbwa anakaa, dereva anakaa, mhasibu anakaa.

— Mhasibu alikuwa anakuogopa wewe au mbwa?

— Alikuwa anaheshimu Kiingereza.

Fundi ni mtu mzima, ana wajukuu, lakini alikuwa ameshafika pale ambapo mtu anajaribu chochote.

— Kamu, Meneja. Kamu hia.

Meneja alipiga mwayo mrefu, ulimi ukajikunja ncha.

— Kiingereza kimekataa, Kinyozi akasema. Ningeshangaa kama kingekubali. Digrii anacho cha kutosha, na tunaye hapa tangu mvua za mwaka juzi.

Nilimwambia anyoe watu, aache kunyoa wasifu wangu. Halafu nikaona nitoe mchango wa kitaalamu, maana na mimi nilisoma, jamani, hata kama hakuna anayetaka kunilipa kwa hilo. Nikaeleza kwamba haya ni mambo ya madaraka. Mbwa anataka kuwa mkubwa wa nyumba. Lazima Fundi ale kwanza, mbwa akimwangalia. Apite mlangoni kwanza. Na akileta ubishi, amgeuze chali amkandamize mpaka atie saini.

— Hayo umesomea chuoni? Mama Birika akauliza.

— Nimesoma kwenye simu.

— Simu ipi? Hiyo inayolia, unaizima?

Sikuizima. Nilikuwa nimeilaza kifudifudi kwenye mkono wa kochi. Baba alikuwa akipiga tangu asubuhi, na kila akipiga simu ilitetemeka na kusogea kidogo kuelekea ukingoni, kama inataka kujirusha.

— Mzazi anapigiwa, mwanangu. Haachwi hivyo.

— Nitampigia, mama.

— Ehe, Afande akasema, akiturudisha kwenye mada. Mimi nimewaza. Huyu mbwa amenunuliwa.

— Na nani?

— Na yule fundi makochi wa kule stendi. Hebu fikirini. Mbwa anatafuna mito ya nani? Ya wateja. Ameshawahi kugusa kiti cha Fundi?

— Kiti changu ni cha mbao, Fundi akasema bila kugeuka.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Na mkojo? Anakojoa wapi? Kwenye miguu ya makochi yaliyokwisha. Yasiyokwisha hagusi. Hiyo si tabia, hiyo ni hujuma. Na mgeni akija anamrukia kifuani ampake matope, ili asirudi tena.

— Anarukia kwa kufurahi.

— Jasusi gani anakuja amenuna?

— Mimi nasema zaidi, Kinyozi akadakia, na nikaona mkasi ukipaa hewani. Huyo si Meneja. Meneja wa kweli yuko bucha, ananenepa. Huyo ni pacha wake. Ndiyo maana haitiki, jina si lake. Mwite jina lingine tuone.

— Jina gani?

— Jaribu Katibu.

Na Fundi, Mungu wangu, alijaribu. Alimwita Katibu. Alimwita kwa mluzi. Aliomba kikombe kitupu kwa Mama Birika akakigonga kwa kijiko kama chakula kiko tayari, na hapo Meneja aliinuka, akatoka chini ya lori hadi nusu ya mwili, mkia ukaanza kucheza. Kisha akauona mnyororo. Akarudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Tulicheka. Niandike ukweli, tulicheka sana. Kinyozi alijipiga paja.

— Lakini umemfundisha, Fundi, au umemlaumu tu? Mama Birika akauliza.

— Nimemfundisha sana, Fundi akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kuonekana mjinga. Akikojoa ndani, nilikuwa namsugua pua palepale ili ajue. Akibweka usiku namtokea na ndara. Akitafuna, namwita, namwonyesha alichotafuna, namchapa hapohapo kwenye kosa. Sijawahi kumwonea. Kila siku nafundisha.

— Basi ni kichwa kigumu, Afande akahukumu. Aongezewe.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya kochi, mto wa kiti kaukumbatia kifuani, uzi unaning'inia. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuja kuulizia kiti chake. Alikuwa amesikiliza muda kidogo, nadhani akingoja mtu ampe nafasi, na nafasi hapa haitolewi.

— Samahani, Fundi. Naomba kuuliza.

— Kiti chako kesho, dada.

— Si kiti. Huyo mbwa. Ukimwita akaja, huwa anakuta nini?

— Anakuta nini vipi?

— Akifika pale ulipo. Huwa anakuta nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Hata hakuwa anajua kama ameuliza kitu. Alirekebisha mto wake kifuani akangoja jibu kama mtu aliyeuliza saa.

Afande alifungua mdomo. Niliona hoja ikija hadi kwenye meno, ikarudi. Kinyozi alianza kupangusa mkasi uliokuwa safi.

— Anakuta… Fundi akasema. Akautazama mnyororo mkononi kama kawekewa na mtu mwingine. — Huwa namwita akiwa amekosea. Akiwa katulia, namwitia nini?

Mwanamke aliuhamishia mto mkono mwingine.

— Siku ile alipotafuna mto wa kochi la bwana harusi, Fundi akaendelea, taratibu, akiongea na barabara. Nilijua nikimwita kwa hasira hatakuja. Nikamwita kwa sauti tamu. Akaja mbio. Alikuwa bado na kipande cha sponji mdomoni, mkia unazunguka. Akakiweka miguuni kwangu. Alidhani ananiletea zawadi.

— Na wewe? mwanamke akauliza.

— Nilimshika ukosi.

Mama Birika alisema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba siku hiyo kilio cha mbwa kilikuwa kinafika mpaka hapa. Kisha akasema kahawa inapoa. Nilikitazama kikombe changu. Nina maneno mengi mimi. Nina maneno ya serikali, ya waajiri, ya wajomba wenye nafasi wanaosema lete sivii halafu hawafungui. Nikainywa tu ile kahawa.

Simu ikatetemeka tena kwenye mkono wa kochi. Sikuigeuza. Nilijua ningekuta nini.

Kipaza sauti kikasikika, mtaa wa pili kutoka kwetu, bado maneno hayajaeleweka, mngurumo tu. Meneja naye alikisikia. Alijikunja zaidi chini ya lori.

Fundi aliutupa mnyororo nyuma yake, ukaangukia mlangoni pa karakana. Magoti yake yanamsumbua, lakini alichuchumaa, kisha akakaa kabisa chini, pembeni ya lami, mikono mitupu juu ya mapaja. Hakusema njoo. Hakusema kamu.

— Meneja, alisema tu.

Mbwa alitoka. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nadhani nilitaka kushangilia, lakini nilipoona anavyokuja nikakaa. Hakuja kwa miguu. Alikuja kwa tumbo. Alivuka barabara ile akitambaa, masikio yamelala, mkia umebanwa katikati ya mapaja, na nyuma yake palikuwa na mstari mwembamba wa mkojo juu ya lami. Pikipiki moja ilisimama ikamngoja apite. Alikuwa ameitwa na sauti ile tamu anayoijua, akajua amekosea, na alikuwa anakuja kuchukua chake.

Alifika. Akajilaza mbele ya Fundi, taya chini, na akabaki hapo.

— Hujafanya kitu, Fundi akamwambia. Hujafanya kitu, baba.

Akainua mkono ampapase kichwa. Meneja akafumba macho kwa nguvu, uso mzima ukakunjamana, shingo ikaingia mabegani, akangoja.

Mkono ukasimama hewani. Gari la mji lilikuwa limeshakata kona. Sasa maneno yalisikika moja moja. Fundi alitugeukia, mkono bado uko juu, na sijawahi kuona mtu mzima akitutazama sisi watatu kama watu tunaoweza kujua jambo.

— Sasa huu mkono niuweke wapi?

Mama Birika aliinamisha birika, yakatoka machicha. Hakuna aliyenyoosha kikombe.