Shemeji, Leo Tafsiri Kama Nilivyosema

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mzee wetu Laigwanani, kiongozi wetu wa mila, uliyekuja kwa mguu wakati wengine wamekuja kwa gari. Ndugu Mtendaji wa Kijiji. Bwana Anselm, mwenye kambi ya watalii, ambaye umeishi katikati yetu miaka ishirini na miwili na Kiswahili chako kimefika kwenye "jambo" kikapumzika hapo. Wageni wetu thelathini wenye kofia. Akina mama wenzangu wa boma la utamaduni. Na wewe shemeji yangu Lesikar, mkalimani wa kambi, unayestaafu leo, na ambaye hata katika sherehe yako mwenyewe umeambiwa usimame pembeni yangu unitafsirie kwa wageni: nawasalimu nyote, kila mtu kwa nafasi yake.

Mimi ni Mama Koinet, kiongozi wa nyimbo pale bomani. Nimeombwa nimsifie Lesikar, na nitamsifia mpaka aniombe niache.

Ndugu zangu, mnajua jinsi mgeni anavyojiandaa kuja kututazama? Lesikar ndiye aliyenieleza. Huanza miezi sita kabla. Hununua suruali yenye mifuko kumi na miwili, na viatu vya kupandia mlima, aje avitumie kutoka kwenye gari hadi mlangoni kwangu. Hununua nguo za rangi ya vumbi ili simba asimwone, kisha hukaa ndani ya gari kubwa kuliko nyumba yangu. Huchomwa sindano za homa ambazo hata sisi hatujazisikia.

Na sisi wenye utamaduni tunajiandaa kwa muda gani? Dakika ishirini. Lesikar hunipigia simu akiwa getini.

"Shemeji, nina watu kumi na wanane. Ficheni pikipiki."

"Zote?"

"Zote. Na ile sola ishusheni, juzi imetokea kwenye picha. Na Koinet avue jezi."

Koinet, mwanangu, ana diploma ya ufugaji. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza habari ya ng'ombe. Wanamwomba aruke, naye anaruka.

Sasa nimsifie mkalimani. Siku moja mgeni aliuliza nina umri gani. Nikasema, "Mwambie haimhusu." Lesikar akawageukia, akanyoosha mkono kuelekea mlimani, akaongea kwa muda mrefu, na wageni wote wakaandika kwenye vijitabu vyao. Nilipomuuliza, akaniambia, "Nimesema ninyi umri mnauhesabu kwa mvua na kwa ng'ombe waliozaliwa." Je, si kipaji hicho?

Lakini kipaji chake kilichonifikisha hapa mbele yenu ni kingine. Miaka sita iliyopita Bwana Anselm aliizungushia seng'enge chemchemi yetu ili kambi ipate bwawa la kuogelea. Kwetu chemchemi ni enkong'u, jicho la maji, na neno ni lile lile la jicho la kichwani. Basi akina mama tukatunga wimbo. Tuliimba kwamba jicho letu limechukuliwa, ndama wanalia, aliyelichukua anaogelea ndani yake, turudishiwe jicho letu. Tukaliimbia kila gari lililoingia. Wageni wakatoa machozi. Nikajisemea, haya, sasa wameelewa.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza Lesikar.

"Nimewaambia mnayasifu macho yao."

"Shemeji, umerogwa?"

"Shemeji, watu wako likizo. Nikiwaambia habari ya maji, kesho sina kazi, na wewe huna wa kukupigia simu uanike shanga."

Mwaka jana mke na mume waliowahi kututembelea wakarudi. Yule mke, mwenye macho ya bluu, akanikumbatia mpaka shanga zikanichoma. Lesikar akanitafsiria kwamba wimbo wetu waliurekodi, na siku ya harusi yao wageni mia mbili wamevaa suti wakaucheza kwa madaha. Harusi imefunguliwa kwa kiu ya ndama wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, kwa sababu wiki ile ndama wa tisa alikuwa amenifia, na mkamwana wangu Naserian, mjamzito, alikuwa njiani na punda kufuata maji, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hebu ngojeni kidogo. Nimesema ndama amekufa, mbona wageni wanatabasamu? Yule dada wa mbele anapiga makofi. Mheshimiwa, wewe Kiingereza unakijua, na naona unajifunika mdomo. Amesema nini huyu?

Eti ninawashukuru kwa kuupenda utamaduni wetu. Haya.

Simchukii Lesikar, msinielewe vibaya. Mtoto wangu wa tatu alipokwama tumboni, ni yeye aliyewashusha watalii wanane kwenye gari lao kwa maneno matamu, nikakimbizwa hospitali. Wale watu mpaka leo wanaamini walishushwa ili wakitazame kichuguu cha mchwa. Ulimi huo umeniokoa, shemeji, na ulimi huo huo umeninyima maji. Ulikuwa unaogopa kufukuzwa, nami nilijua, ndiyo maana nilinyamaza.

Lakini mkataba wako umekwisha leo saa sita mchana, na sasa ni saa nane. Saa ya ukutani umeshapewa. Picha umeshapigwa. Nani atakufukuza sasa, na kutoka wapi?

Nina ombi moja tu. Lisikilize lote kwanza. Bwana Anselm, tunaomba lango la chemchemi lifunguliwe kila siku alfajiri hadi saa tatu asubuhi, ndama wanywe na sisi tuchote, kisha ufunge uogelee. Basi. Litafsiri kama nilivyosema, na usiongeze macho ya mtu.

Tunakusubiri, shemeji. Hatuna haraka.

Mheshimiwa, mwache, asisaidiwe.

Naam. Yule dada wa mbele ameshusha kamera. Bwana Anselm amevua miwani. Wageni hawanitazami mimi tena, wanamtazama yeye.

Basi ametafsiri. Asante, Lesikar. Miaka yote hii umekuwa ukinisemea, na leo ndiyo siku ya kwanza nimesikika. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wazee wangu, akina mama, na ninyi wageni mliotoka mbali, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mimi nakaa. Bwana Anselm anasimama kujibu, na Lesikar atatutafsiria kila neno.